Aliyepigana Tanga mwaka 1914 alikuwa askari wa nani?

Mara nyingi nikipita Raskazone, Tanga, na wanafunzi huwaonyesha ufuko na kuwaambia kwamba hapa, usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Mwingereza waliotoka India waliteremka majini na kupanda nchi kavu gizani, wasijue mji uko umbali gani wala nani anawangoja. Wanasikiliza kwa makini. Kisha mmoja wao, na aghalabu huwa mdogo kuliko wote, huuliza: "Mwalimu, sasa sisi tulikuwa upande gani?"

Zamani nilikuwa nikijibu haraka kwamba sisi hatukuwa na upande, vile vilikuwa vita vya Wazungu. Nimeacha kulitumia jibu hilo. Wafu wa upande wa Wajerumani katika mapigano ya Tanga walikaribia 70, na zaidi ya 50 kati yao walikuwa Waafrika. Watu hamsini na ushei hawawezi kulala kaburini kwa vita ambavyo hawakuwamo. Yule mtoto anastahili kujibiwa sawasawa: askari huyu alikuwa nani, aliona nini siku zile, aliishi vipi kambini, na ilikuwaje hata mwisho wake akawa anamlenga mtu wa kwao mwenyewe.

Waliokutana Tanga

Husemwa kwa mkato kwamba Wajerumani waliwashinda Waingereza Tanga. Ukizitazama safu zenyewe, unaona watu wengine kabisa. Msafara ulioondoka Bombay tarehe 16 Oktoba ulikuwa na wanajeshi karibu 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Batalioni ya Waingereza ilikuwa moja, Loyal North Lancashire. Waliobaki walikuwa Wahindi wa sehemu mbalimbali, Warajput, watu wa Kashmir, watu wa Gwalior, watu wa kusini mwa India, na wengine hawakuelewana lugha wao kwa wao. Walikuwa wamebanana melini zaidi ya wiki mbili, bahari imewatapisha. Maofisa wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Uingereza, walimwonya Aitken kwamba askari wa Mjerumani si wa kudharauliwa. Hakuwasikiliza.

Upande wa pili Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 hivi. Walikuwapo walowezi Wajerumani wa Usambara na kwingineko walioshika bunduki, lakini uti wa mgongo ulikuwa askari weusi, na wengi wao hawakuwa watu wa pwani. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na pamoja nao Wasudani na watoto wa Wasudani. Hao wa mwisho wana historia inayotuhusu sana huku mwambao. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikwenda Cairo kuandikisha askari wa Kisudani ili aje kuwapiga watu wa Bagamoyo na Pangani waliosimama na Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule ule. Kwa hiyo askari wa kwanza wa Mjerumani waliletwa nchini kwa ajili ya kuwavunja watu wa hapa hapa. Miaka 25 baadaye, kombania zilezile ndizo zilizoulinda mji wa Tanga.

Ukitaka kuona jinsi mambo yalivyosokotana, mtazame mmoja wa maofisa waliouawa tarehe 4 Novemba, Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Januari 1893 huyu ndiye aliyeivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, na Isike akawasha ghala la baruti kuliko kushikwa mzima. Mnyamwezi aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1914 alikuwa mtoto mdogo nyumbani kwao wakati huo. Sasa wako mji mmoja, wanapigana upande mmoja, na yule aliyemwangusha mtemi anakufa siku moja na askari wa Kinyamwezi.

Siku zile za risasi

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia na kuutaka mji usalimu amri. Mazungumzo yalichukua muda, na muda huo ndio uliomwokoa Lettow, kwa sababu kombania zake nyingi zilikuwa bado kaskazini, upande wa Moshi. Reli ya Usambara kutoka Moshi hadi Tanga ina urefu wa kilomita 352. Zikapakiwa kwenye mabehewa na kushushwa moja baada ya moja. Askari aliyefika Tanga alfajiri alikuwa amesafiri usiku kucha, amechoka, na aliteremka moja kwa moja kwenda mstari wa mbele.

Tarehe 3 alfajiri Warajput na wenzao waliotangulia kushuka walijaribu kuusogelea mji wakarudishwa. Usiku uliofuata Lettow alipanda baiskeli akapita mitaa mitupu kwenda kutazama mwenyewe upande wa Raskazone. Mapigano makubwa yalianza tarehe 4, baada ya adhuhuri. Anayelijua jua la Tanga la Novemba, saa nane mchana, hana haja ya kuelezwa. Wahindi walilazimika kupita katikati ya mashamba ya mpira, mahindi na vichaka, mtu hamwoni mwenzake aliye hatua ishirini kando yake. Safu zikakatika.

Askari naye alikuwa na taabu yake. Kombania nyingi bado zilibeba bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe. Maana yake ni kwamba ukishafyatua, adui hakuoni wewe bali anaona moshi wako, naye anapiga kwenye moshi. Unabadilisha mahali, unalala chini, unapakia tena, unaombea upepo. Aliyeweza kusimama imara na bunduki ya namna ile mbele ya watu wenye silaha mpya alikuwa amefunzwa kweli, na mafunzo yenyewe yalikuwa ya miaka.

Halafu nyuki. Hili ndilo watu wote wanalolikumbuka, na ndilo lililojaa chumvi. Katika mashamba na vichaka vile kulikuwa na nyuki, wengine kwenye mizinga iliyotundikwa mitini kama inavyofanywa hadi leo. Risasi zilipowavuruga walishambulia kila aliyekuwa karibu. Batalioni moja ya Kihindi, ya 98, ilitawanyika. Baadaye ikavumishwa kwamba Wajerumani walitega nyuki kwa kamba. Si kweli. Wapiga bombomu, yaani bunduki za rashasha, wa Lettow nao waliumwa hata wakaacha silaha zao kwa muda. Kiswahili chetu kina neno moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha ya vita. Siku ile Tanga maana zote mbili zilikuwapo, na mzinga wa asali haukuuliza bendera.

Sehemu ya watu wa Kashmir na wale wa North Lancashire walifika hadi ndani ya mji, wakapigana nyumba kwa nyumba. Kilichoamua mambo ni kombania ya 13, iliyotoka Kondoa, ilipowaangukia Wahindi kutoka upande wa kusini, mahali ambapo safu yao ilikuwa imeishia hewani. Upande ule ulivunjika, na kuvunjika kule kukaenea.

Usiku wa tarehe 4 lilitokea jambo ambalo wachache hulisimulia. Amri ilieleweka vibaya, na kombania zikarudi kwenye kambi yao ya awali, Kange, nje ya mji upande wa magharibi. Tanga ikabaki karibu tupu usiku mzima. Waingereza hawakujua. Leo Kange ni stendi ya mabasi, na kila anayekuja Tanga kutoka Dar es Salaam au Arusha anashukia pale. Sijaona kibao chochote kinachosema kwamba washindi wa vita walilala pale huku mji waliokwisha kuushinda hauna mlinzi.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki mpya, bombomu, risasi zaidi ya laki tano, simu za vita, nguo na mablanketi. Walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Askari aliyekuja Tanga na bunduki ya moshi alirudi kaskazini na bunduki isiyotoa moshi, aliyoipata kwa adui.

Kwa nini aliandikishwa

Hapa ndipo watu hugawanyika. Wapo wanaomwita kibaraka, wapo wanaomwita shujaa, na maneno yote mawili yanamfanya mtu kuwa mdogo kuliko alivyokuwa.

Kwanza kulikuwa na fedha. Mshahara wa askari ulizidi wa kibarua wa shamba la mkonge, na ulikuja kila mwezi. Rupia ya Mjerumani ilikatwa vipande vilivyoitwa heller, na ndiyo asili ya neno hela tunalolitumia kila siku bila kujua tumelirithi kwa nani. Pili kulikuwa na cheo. Ngazi za askari zilikuwa na majina yaliyotoka kwa Waturuki na Wamisri kupitia kwa wale Wasudani: ombasha, shaushi, sol, na juu kabisa effendi. Katika nchi ambayo Mwafrika aliamrishwa na kila Mzungu, effendi alikuwa mtu wa kuamkiwa. Alikuwa na nyumba, wake, watumishi na watu waliomtegemea. Kijana aliyetoka kijijini bila ng'ombe wa mahari aliweza kurudi akiwa mkubwa kuliko mjomba wake.

Lakini ukubwa huo ulilipiwa na wengine. Askari hao ndio waliosimamia viboko. Watu wa pwani waliwaita Wajerumani watu wa hamsa ishirini kwa sababu ya viboko 25 vilivyokuwa adhabu ya kawaida, na mkono ulioshika kiboko mara nyingi ulikuwa wa Mwafrika mwenye kofia ya tarbushi. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kombania hizi zilichoma vijiji na maghala ya nafaka kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baadhi ya waliopigana Tanga walikuwa wamekwenda kusini miaka ile. Sisemi hawakuwa na hatia. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye hatia naye ana maisha ya kuelezwa, na asipoelezwa hatutaelewa jinsi nchi ilivyotawaliwa na Wazungu wachache namna ile.

Kambini

Vita vya Tanga vilikwisha kwa siku chache. Kambi iliendelea miaka minne, na mimi naona kwamba jibu la yule mtoto liko kambini kuliko vitani.

Serikali ya Kijerumani haikumpikia askari. Ilimpa posho mbichi, unga, mtama au mahindi, na mengine alijitegemea. Aliyetwanga, aliyeteka maji, aliyetafuta kuni na kupika alikuwa mkewe. Aliyebeba sufuria na mkeka alikuwa boi wake, kijana mdogo aliyetumaini naye siku moja atakuwa askari. Kwa hiyo kila bunduki ilikuwa na nyumba nyuma yake, na kombania ilipohama ilikuwa kijiji kinachotembea: askari mbele, wapagazi katikati, na nyuma wanawake wenye watoto mgongoni na mizigo kichwani. Lettow mwenyewe hakuwapenda njiani kwa kuwa walirefusha msafara, akajaribu mara kadhaa kuwaacha nyuma, na wakaendelea kufuata. Watoto walizaliwa safarini. Lazima isemwe pia kwamba si kila mwanamke katika msafara ule alikuja kwa hiari yake. Wengine walichukuliwa vijijini jeshi lilipopita, kama zilivyochukuliwa mbuzi na nafaka.

Jioni kulikuwa na ngoma. Beni, iliyoanzia Lamu na Mombasa na makundi yake ya Marini na Arinoti, ilisambazwa na askari na wapagazi hadi bara kabisa, na Tanga nayo ilikuwa na wachezaji wake. Kila kundi lilikuwa na wafalme, majenerali na vyeo vyake, likaiga gwaride, likavaa vizuri. Watu ambao mchana waliamrishwa, jioni walijipa vyeo wenyewe. Baada ya vita waliowahi kuwa maadui wakacheza beni moja.

Maradhi yaliua kuliko bunduki. Malaria, kuhara damu, funza waliotoboa vidole hata mtu akashindwa kutembea. Meli za Waingereza zilipofunga bahari, dawa haikuja tena kutoka Ulaya, na hapo milima yetu ikaingia katika hadithi. Amani, juu Usambara Mashariki, kulikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo tangu mwaka 1902, na huko kulikuwa na miti ya mkwinini. Magome yake yalitumika kutengeneza kwinini. Baadaye, jeshi lilipofukuzwa kutoka kaskazini, dawa ilichemshwa porini ikawa maji machungu mno ambayo Wajerumani waliyaita pombe ya Lettow. Wagonjwa waliyanywa kwa kuwa hakukuwa na kingine.

Ndugu kwa ndugu

Januari 1915 palikuwa na mapigano mengine makali Jasini, mpakani, kaskazini mwa Tanga. Wajerumani walishinda tena, lakini kwa hasara iliyomfanya Lettow aamue kuepuka vita vikubwa vya namna ile. Tarehe 7 Julai 1916 Tanga ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na Bagamoyo ikafuata katikati ya Agosti. Kuanzia hapo vita vilihamia kusini, na sura yake ikageuka.

Wahindi wengi na Wazungu kutoka Afrika Kusini walikuwa wamemalizwa na maradhi wakaondolewa. Uingereza ikaamua kufanya kile ambacho Aitken alikidharau, yaani kupigana kwa Waafrika. KAR, ambayo mwaka 1914 ilikuwa na watu 2,300 hivi, ilifikia karibu 35,000 mwaka 1918. Na walitoka wapi? Kutoka Nyasa (Malawi ya leo), Uganda na Kenya, na pia kutoka humu humu ndani. Mwaka 1917 Waingereza waliiunda upya batalioni ya 6 ya KAR, na wengi wa watu wake walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa au waliojisalimisha. Jana alikuwa ombasha wa Lettow, leo anamfuata Lettow huyo huyo kwa kofia nyingine.

Ndiyo maana naviita vita vile, kuanzia 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa bendera zote mbili zilikuwa za kigeni. Mnyamwezi alikuwa pande zote mbili. Myao pia. Kiswahili kilisikika pande zote mbili. Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917, Wanigeria na KAR walipambana siku nne na askari wa Lettow, na maelfu ya Waafrika walikufa au kujeruhiwa.

Wajerumani baadaye walijenga sifa ya askari mwaminifu asiyeacha bwana wake. Ukweli ni kwamba walitoroka kwa maelfu, hasa jeshi lilipokaribia kuiacha nchi na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, Novemba 1917. Askari alikuwa mwaminifu kwa nyumba yake iliyokuwa kambini, kwa wenzake wa kombania, na kwa mkubwa aliyelipa na kulinda. Malipo yalipokatika na njia ikaelekea mbali na kwao, aliyekuwa na mke na watoto Tabora alipiga hesabu yake akarudi. Aliyebaki naye alikuwa na hesabu. Alikuwa na mishahara anayodai, na nyumba yake yote ilikuwa pale pale safarini.

Chini ya askari hawa wote walikuwapo wapagazi. Waingereza waliandikisha karibu watu milioni moja kubeba mizigo ya vita vile, wengi kwa nguvu. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa inazidi 95,000, na wengi waliuawa na njaa na kuhara. Jina la Kariakoo latokana na kikosi chao, Carrier Corps. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hakuna aliyewahesabu. Na ambaye hakushika bunduki wala mzigo alinyang'anywa chakula: Ugogo, majeshi ya pande mbili yalipokuwa yamepita na kubeba nafaka, mifugo na vijana, ilikuja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na watu kama 30,000 walikufa.

Hesabu ya mwisho

Lettow aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya wiki mbili kabla. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari 1,100 na ushei, pamoja na wapagazi na wanawake. Askari hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu, wakaambiwa wanadai na watalipwa. Wakapelekwa Tabora, ambako homa ya mafua ya mwaka ule ilikuwa inawasubiri.

Siku hizi yule mtoto akiniuliza tulikuwa upande gani, namwambia tulikuwa pande zote, na kwamba babu wa mwanafunzi aliyekaa kushoto kwake huenda alimwinda babu wa aliyekaa kulia. Namwambia pia kwamba askari aliyelala Kange usiku ule alikuwa wa kombania yake na wa nyumba yake kabla ya kuwa wa Kaisari. Wakati mwingine anauliza tena, na hilo ndilo swali la pili ninalolipenda: "Wakalipwa?"

Walilipwa. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Kijana wa miaka 20 aliyelenga moshi mchana ule wa Novemba alikuwa na miaka 70 alipopewa fedha zake. Wapagazi hawakuwamo katika hesabu hiyo, wala wale wanawake waliotwanga posho miaka minne njiani.